Amemaliza mchezo, bado mlango umefungwa

Mhariri,

Nina chumba cha gemu hapa Langoni, Lamu: televisheni mbili, PlayStation mbili, na vijana wanaolipa kwa saa. Wengi hucheza mpira. Ila yuko mmoja, mchana huwa baharini na babake, usiku hufika baada ya Isha. Huyu alicheza Elden Ring, mchezo mgumu wa mapigano, miezi na miezi mpaka akaumaliza, na usiku ule chumba kizima kilishangilia.

Mwezi uliopita tukachanga, mimi na yeye, tununue nyongeza ya mchezo huo, yaani sehemu mpya inayouzwa kando, iliyotoka Juni 2024, Shadow of the Erdtree. Ni karibu dola 40, zaidi ya shilingi 5,000. Tukaipakua usiku kucha. Kufungua, haingiliki! Kumbe sharti kwanza uwe umewaua maadui wawili wakubwa wa mchezo wa awali, Radahn na Mohg, na huyo Mohg waweza kumaliza mchezo mzima usimwone, maana makao yake yako chini ya ardhi. Kijana hakuwa amekutana naye. Siku nne alimtafuta na kupigwa, kwa pesa zake, ndipo akaugusa ule mkono uliokauka unaotoka kwenye kifuko. Huo mkono ndio mlango.

Ndani nako, nguvu alizochuma kwa jasho hazimfikishi mbali. Mapigo mawili, chali. Dawa ni vipande vya mti vya kukuongezea nguvu, 50 kwa jumla, vilivyotawanywa nchi nzima ya hiyo nyongeza, na nje ya nchi hiyo havina kazi. Vingine vimewekwa wazi, vingine mpaka uue kiboko, au kivuli kilichobeba mtungi. Ramani haikwambii umebakisha vingapi. Juzi nilimtazama akizunguka kwa miguu kwenye msitu ambao hata farasi wake mwenye pembe haitiki akiitwa. Saa nzima. Alitoka mikono mitupu, akanilipa, akaenda zake kimya. Nilitamani kumrudishia.

Sisemi mchezo uwe mwepesi. Kijana huyu hapendi vyepesi, na vita vyenyewe ni vizuri mno. Kinachoniuma ni kuokota vipande. Aliye na mashine yake nyumbani hupoteza muda tu. Anayelipa kwa saa hupoteza na chakula cha mchana. Waliouunda waliliona tatizo, kwani siku chache baada ya kuutoa waliviongezea vipande hivyo nguvu, na Septemba mwaka huohuo wakampunguza makali adui wa mwisho. Mlango na msako wakaviacha vilevile.

Kwa hivyo naomba, Mhariri, waandishi wako wa teknolojia wanapotusifia nyongeza ya gemu, watuandikie pia masharti ya kuingilia na jinsi nguvu zinavyopatikana, kabla hatujatoa pesa. Na vijana wa Kenya wanaounda gemu, kumbukeni kuna mchezaji anayetazama saa ya ukutani.

Mwenye chumba cha gemu,
Langoni, Lamu