Hoteli ya kuchukulia mzigo si hoteli ya kupeleka watoto

Mhariri, asalaam alaykum. Naomba unipe kijinafasi kwenye ukurasa wa barua maana tangu turudi Dubai na watoto kila nikikutana na mtu, iwe harusini iwe kwenye hitma, suali ni moja tu, mlilala hoteli gani na ilikuwa nyota ngapi, na nimechoka kuelezea mmoja mmoja ndo nikaona bora niandike mara moja. Nyota mimi sasa hivi hazinishughulishi kabisa.

Kisa chenyewe hichi. Mume wangu ni mfanyabiashara, huenda Dubai kuchukua mzigo mara mbili tatu kwa mwaka na hulala Deira, hoteli ile ile miaka yote, mapokezi wanamjua, akitoka nje tu ana masoko, ana watu wa kago, ana mkahawa na msikiti. Sasa skuli zilipofunga Juni tukasema safari hii twende sote, sisi wawili na watoto wanne, tuwapeleke kwenye mabembea makubwa ya Dubai Parks walokuwa wakiyaona kwenye simu, maana kiwanja cha watoto cha Tibirinzi hapa kwetu Pemba wameshakizoea, kila sikukuu ni pale pale. Hoteli hakuna aloiuliza. Baba watoto kasema tunalala pale pangu, bei nzuri, wakala wa tiketi akatufanyia bukingi na sie tukafungasha.

Kumbe Dubai si mji wa kusema niko mjini basi niko karibu na kila kitu. Deira iko huku upande wa uwanja wa ndege, na Dubai Parks iko kule umeshaipita Jebel Ali unaelekea Abu Dhabi, zaidi ya kilomita 50. Kwa sisi wa Pemba niseme hivi: mgeni kaja kuangalia msitu wa Ngezi kaskazini kabisa wewe unamlaza Mkoani kule kusini, kila asubuhi apande mpaka Konde na jioni ateremke. Treni ya metro ipo, safi na ina baridi nzuri, lakini haifiki getini, unashuka unatafuta gari nyengine. Taksi ya kawaida inachukua abiria wanne na sie tuko sita, kwa hivyo taksi mbili kwenda na mbili kurudi, na hakuna iliyopungua dirham 100, dirham ndo pesa ya kule. Piga hesabu mwenyewe. Siku ya pili nilikuwa naitazama ile mita inavyopanda nikasahau hata kuangalia majengo.

Na pesa bado si kitu, joto ndo lilotuua. Juni mpaka Agosti kule joto linapita digrii 40 na ndo maana hoteli zinakuwa rahisi miezi hiyo na mawakala wetu wanaipigia debe sana. Saa sita mchana mtoto wangu wa miaka minne kashalegea, analia hataki bembea hataki aiskrimu anataka kulala, na kitanda kiko kilomita 50. Tumekaa kwenye mkahawa wenye eisii masaa mawili tunanunua vinywaji ambavyo hakuna anayevitaka ili tu tusifukuzwe. Hapo nikawa nawaona wenzetu waliolala hoteli za pale pale, zipo, Lapita, Rove na ile ya Legoland yenyewe, moja ya viwanja vya mabembea vya humo humo Dubai Parks, wanaondoka zao Adhuhuri wanasali wanalaza watoto na Alasiri wanarudi wapya. Mimi niliona wivu sikufichi. Ile ya Legoland vyumba vyake vina pembe ya watoto na vitanda vya dabo deka, bei yake kubwa kweli, lakini ukizitia zile taksi nne za kila siku na vile vinywaji tofauti inakuwa si kubwa kama unavyodhani.

Jengine ni umri. Legoland imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 12, mwanangu mkubwa ana 14 alikuwa kanuna mpaka tukampeleka Motiongate, kiwanja chengine ambacho kiko hapo hapo jirani, unakwenda kwa miguu. Na wadogo wanapimwa kimo kabla ya kupanda baadhi ya vyombo, akiwa mfupi hapandi hata ukimbembeleza mlinzi kwa Kiarabu cha chuoni. Anaeogopa joto ipo IMG Worlds, nayo ya mabembea, yote iko ndani ya jengo lenye eisii, na ile haiko mbali na mji kama hizi.

Sasa chumba. Wakala alituandikia chumba kimoja, watu wazima wawili na watoto, basi. Watoto wangapi na wa umri gani hakuuliza na sie hatukusema, kwetu watoto wanne si kitu, wanatandikiwa mkeka wanalala. Tulivofika mapokezi wakatuhesabu kama kuku, wakasema huyu mkubwa kwao ni mtu mzima, chumba hakiruhusiwi watu sita, chukueni cha pili. Chai ya asubuhi iliyolipiwa ni ya watu wawili. Halafu ikaja karatasi: juu ya bei ya chumba kuna huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, VAT asilimia 5, na ile wanayoiita Tourism Dirham, dirham 7 mpaka 20 kwa kila chumba kila usiku, inategemea daraja la hoteli. Vyumba viwili basi nayo mara mbili. Halafu wanataka dipoziti, wenye kadi wanapitisha kadi, sie tukatoa taslim katika pesa ya mzigo na baba watoto uso ukambadilika.

Sisemi hoteli ilituibia, hapana, hizo ada, ukitoa ile ya huduma ambayo ni ya hoteli, ni za serikali yao na kila mtu analipa. Ninaemlaumu ni wakala aliyekaa kimya, na sisi wenyewe pia. Na wanaotafuta hoteli isiyouza ulevi wajue zipo nyingi tu kule, unauliza kabla ya kulipa, au uchukue fleti yenye jiko, mwenye watoto wasiokula vya watu ataniombea dua.

Mhariri, ombi langu kwako ni hili, matangazo ya hizi safari za familia yanatoka kwenye gazeti lako, sasa waambie wanaoyaleta waandike vichwa vingapi kwa chumba, bei ikiwa na ada zote, na kilomita ngapi mpaka getini kwa mabembea. Nyota waziweke kama wanapenda.

Sisi inshallah Disemba tukijaaliwa tunarudi, kukiwa kumepoa. Baba watoto bado anaitaja Deira yake, nimemwambia hoteli mara hii nachagua mimi, na siku akitaka kwenda kuangalia mzigo hiyo taksi apande yeye.

Mama wa wanne,
Wete, Pemba