Tarehe iliyo kwenye pasipoti si ya kuaminika

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ile habari ya foleni za waombaji wa pasipoti ndiyo iliyonitoa kimya. Mwandishi wako alisimama langoni, akatazama umati, kisha akaamua kwamba watu wanajitakia wenyewe kwa kusubiri mpaka maji yafike shingoni. Mimi nilikuwa kwenye foleni kama hiyo, na sikusubiri chochote.

Pasipoti yangu ilikuwa hai. Ilibakiza miezi minne na siku kadhaa. Binti yangu anaishi ng'ambo na alikaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Nchi anakoishi haikunidai viza, na tiketi yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi, wiki sita tu. Pale kaunta ya uwanja wa ndege sanduku langu likiwa limeshakaa juu ya mizani, kijana aliyenihudumia aliweka kidole gumba chini ya tarehe ya mwisho, akahesabu miezi kwa midomo bila sauti, akarudia tena kuhesabu, kisha akaniambia, "Mama, kwa pasipoti hii husafiri." Nikamwonyesha kwamba haijaisha. Akanieleza kwa upole kuwa nchi niendayo inataka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita kuanzia siku ya kuingia, na kwamba shirika la ndege likinipakia hivyo hivyo litapigwa faini na kutakiwa kunirudisha. Simlaumu kijana yule. Alilishusha sanduku kwa mikono yake. Ndani mlikuwa na nguo za kichanga nilizozifuma kwa miezi mitatu.

Sasa mwandishi wako anieleze: ningejuaje? Usiku ule nilikipekua kile kijitabu ukurasa kwa ukurasa. Kinaniagiza nisikichane, nisikiloweshe, nisimwazime mtu, nitoe taarifa kikipotea. Tarehe ya mwisho imeandikwa wazi, siku, mwezi na mwaka, na mtu yeyote mwenye akili timamu ataisoma kama ilivyoandikwa. Hakuna mstari hata mmoja unaoonya kwamba nchi nyingi hazitaikubali tarehe hiyo. Zipo zinazodai miezi sita, zipo zinazodai mitatu. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoungana katika mambo ya viza na mipaka, kwa kawaida zinataka ibaki miezi mitatu baada ya siku unayopanga kuondoka kwao, na tena iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Maana yake pasipoti ya miaka 10, kwa anayesafiri kweli, ni ya miaka tisa na nusu, na ya mtoto, ambayo kwingi hupewa miaka mitano, ni ya minne na nusu. Tunalipia muda wote, halafu miezi ya mwisho tunabaki na kijitabu kisichotuvusha popote. Na siku tunapoligundua hilo, tunakimbilia foleni tukiwa na machozi, anakuja mtu na kalamu kuandika kwamba sisi ni wazembe!

Ombi lenyewe lilinichukua safari tatu. Ya kwanza picha ilikataliwa kwa sababu ya kivuli nyuma ya sikio la kushoto. Kanuni za picha nazikubali: uso utazame mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma peupe, ili mashine iweze kuulinganisha uso na picha. Lakini kanuni hizo nilizikuta zimebandikwa ndani, baada ya foleni, mahali ambapo anayezisoma ameshapiga picha yake tayari. Safari ya pili ikawa ya jina. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba yangu lina herufi moja zaidi kuliko kwenye kitambulisho. Aliyekosea ni karani, miaka mingi iliyopita, kwa kalamu yake. Aliyetakiwa kwenda kuapa mbele ya wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja ni mimi. Na hili la makarani kuandika majina ya watu kwa kukisia, bila kumgeuzia mzazi karatasi aisome kabla ya kugonga muhuri, linastahili habari yake peke yake, kwa kuwa mtoto anayeandikwa vibaya leo atasumbuka hivi hivi atakapokuwa mtu mzima.

Nilifika kwa binti yangu mjukuu akiwa na wiki saba. Zile nguo hazikumwingia.

Ninachotaka hakihitaji kamati. Chini ya tarehe ya mwisho ichapwe tarehe ya pili, kwa wino mwekundu, miezi tisa nyuma yake: "Omba mpya kuanzia siku hii." Miezi sita ni ya nchi za watu, mitatu ni ya foleni, picha na viapo. Anayekabidhi pasipoti dirishani amwonyeshe mwenyewe tarehe hiyo na amtake aisome kwa sauti kabla ya kusaini. Na wewe, Mhariri, mrudishe mwandishi wako pale langoni. Awaulize waliopanga foleni ni lini na ni nani aliyewaambia habari ya miezi sita, kisha majibu yao uyachapishe ukurasa ule ule ulikotuita wazembe.

Mimi msomaji wako,
Bibi wa mjukuu mmoja