Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Habari za ada na mapato zimo katika taarifa ya mhazini, sitazirudia. Nitasema juu ya lililotushughulisha zaidi mwaka huu: mitihani ya kimaadili inayomkuta muuguzi wa wanyama akiwa kazini.

Lililoletwa mara nyingi katika vikao vyetu vya faragha ni la mnyama anayetibika, lakini mwenye mnyama anataka achomwe sindano ya mwisho, ama kwa kukosa fedha, ama kwa kuwa amemchoka. Wanaoamua ni daktari na mwenye mnyama. Anayemshika, akamnyoa manyoya mguuni ili mshipa uonekane, ni mmoja wetu. Mwaka 1984 mwanafalsafa Andrew Jameton, akiandika kuhusu wauguzi wa binadamu, aliipa hali hii jina ambalo kwetu ni dhiki ya kimaadili: unalijua lililo sawa, ila utaratibu wa kazi unakuzuia kulitenda. Kumbe wengi wetu tulidhani ni moyo mwepesi tu!

Upo pia mtihani wa upande wa pili, ambao hatuuzungumzi vya kutosha. Mbwa mzee hali chakula wala hawezi kuinuka, na mwenyewe anaomba siku moja tena, kisha nyingine. Hapa ushauri wangu ni kuandika. Muuguzi ndiye anayekesha na mgonjwa. Maumivu yaliyopimwa kwa kipimo kilekile, zamu baada ya zamu, yanasikika kuliko "naona kama anateseka". Mwanachama mmoja alimpelekea daktari jedwali la siku tatu bila kuongeza neno, na jioni ileile familia iliitwa kwa mazungumzo.

Wakati wa kusema pia una uzito wake. Ukimpinga daktari mbele ya mwenye mnyama, umewapoteza wote wawili. Muulize kando, kabla mgonjwa hajafika mezani: je, mwenyewe ameelezwa kuhusu tiba ya gharama ndogo, au kumtafutia mnyama makao mengine?

Fomu ya kuripoti makosa ya dawa haikufanya kazi. Ilikuwa ndefu, ikadai majina, na hakuna aliyeijaza. Niliipitisha mimi, lawama ni yangu. Mpya ni ya ukurasa mmoja, haina jina.

Limebaki pendekezo la dhamiri: muuguzi aruhusiwe kutoshiriki kumuua mnyama mwenye afya, mradi yupo mwingine wa kushika nafasi yake. Mnyama aliye katika maumivu hahusiki na ruhusa hii, huyo hasubirishwi. Kamati imegawanyika. Mimi naliunga mkono kwa shingo upande, kwa kuwa nahofia kila anayekataa atamwachia kazi hiyo mwanafunzi au mwajiriwa mpya asiyethubutu kukataa. Rasimu mnayo mikononi. Mwenye njia ya kuliziba pengo hilo ailete kwa katibu kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, tuipigie kura.

Mwenyekiti