Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, Malindi: swichi, programu na watoto wetu

Asalam aleikum na habari zenu wote, wazazi, walimu na mafundi mnaotusaidia. Hesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe, mimi nitasema tu hatudaiwi na mtu. Nataka tuongee kuhusu swichi za watoto wetu wenye ulemavu na programu zake za kompyuta manake ndo kazi iliyokula mwaka wetu, na ndo mtu akinikuta sokoni ananiuliza, mwenyekiti, ivi zile kompyuta zinawasaidia kweli hawa watoto?

Zinasaidia. Lakini si vile wengi walivyodhania, na hapo nataka tuelewane kabla hatujapanga pesa za mwaka ujao.

Kwa wanachama wapya, swichi ni kidude cha kubonyeza, kipana kama kisahani cha kikombe, na mtoto asiyeweza kushika mausi wala kugusa skrini anakibonyeza kwa kiganja, kiwiko, goti, ata shavu. Waya wake una pini ya milimita 3.5 kama ya hedifoni, unaingia kwenye kiboksi kidogo cha USB, na kompyuta inaona ni kama mtu amebonyeza spesi au enta, basi. Programu nazo ni nyepesi sana: skrini nyeusi, mtoto akibonyeza inatokea rangi kali, kitu kinasogea, sauti inalia, alafu kimya. Wewe mzima utaona ni upuzi. Lakini huyu mtoto tangu azaliwe anabebwa, analishwa, anageuzwa, kila kitu anafanyiwa, na hapo ndo anapata kujua kwamba yeye mwenyewe anaweza kufanya jambo likatokea.

Kuna msichana wetu wa Muyeye, wengi mnamjua. Mikono imemkaza, kwa hivyo swichi ya mezani ilikuwa haimfai, mwalimu akaihamisha akaifunga kwa velkro kwenye kiti, karibu na shavu la kulia. Programu ilikuwa ya duara la manjano na sauti tulitia ngoma. Akageuza kichwa, ngoma ikalia, na jirani mmoja aliyekuja kutazama akapiga kigelegele kwa furaha, mtoto akashtuka, mwili mzima ukakaza, ikabidi apumzishwe. Siku nyingine mwalimu akaomba chumba kiwe kimya kabisa. Akageuza, ngoma ikalia, ikanyamaza. Tukangoja. Tukangoja mpaka bibi yake akaanza kuinuka amsaidie, mwalimu akamshika mkono taratibu akamkalisha. Ndo mtoto akageuza tena, safari hii macho yako kwenye skrini, na ngoma ilipokatika akarudia mwenyewe.

Kule kungoja ndo kazi yenyewe, ndugu zangu. Watoto hawa wengi wanahitaji muda mrefu mpaka kile walichosikia kigeuke kuwa mwendo wa shingo au mkono, sasa ukimshika kiganja ukambonyezea, anachojifunza ni kwamba watu wanamshika kiganja. Na ukimsifu kwa sauti kubwa juu ya ngoma, hajui kipi kimetokana na yeye. Acha programu imjibu kwanza, wewe utamsifu baadaye.

Alafu kuna hatua. Mwanzo mtoto anatazama na kusikiliza tu, kisha abonyeze kitu kitokee, kisha abonyeze mara kadhaa picha ikamilike, kisha asubiri wakati wake ndo abonyeze, na mbele huko ndo kuchagua, ule mtindo wa kiboksi cha kwenye skrini kinachohama kutoka picha moja mpaka nyingine. Simu za Android zinayo hiyo Switch Access, bure, lakini naomba msimuanzishie mtoto hapo ati kwa sababu iko kwenye simu, atachoka kabla hajaelewa kwamba swichi ni yake. Ile programu ya swichi ya Uingereza, SENSwitcher, imepangwa kwa hatua hizi, ndo maana walimu wanaipenda. Na wanaouliza kwa nini programu zingine za zamani hazifunguki siku hizi, nyingi zilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya zamani ya picha zinazosogea, na kampuni yake ya Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Disemba 2020. Si kompyuta zenu zimeharibika.

Jambo lililonifurahisha zaidi mwaka huu ni walimu kuanza kutengeneza programu zao kwa PowerPoint, ile ya kuonyesha picha ukurasa kwa ukurasa. Kurasa zake, yaani slaidi, zinasonga kwa spesi, kwa hivyo swichi inafanya kazi bila kununua chochote. Slaidi nyeusi, swichi, picha ya mama na sauti yake akimwita mtoto. Swichi tena, kaimati zikitumbukia kwenye mafuta. Kuna kijana wa Barani ambaye treni za Ulaya za kwenye programu zile zingine hazimshughulishi kabisa, lakini jogoo wa kwao akiwika kwenye spika anacheka mpaka mate yanamtoka.

Wenye watoto wa kifafa, tafadhali semeni mapema. Tumekubaliana hakuna picha ya kumulika zaidi ya mara 3 kwa sekunde, na kama mtoto amelala vibaya au hajanywa dawa siku hiyo hatumuweki kwenye skrini.

Vifaa vinakula pesa, na hewa ya chumvi inakula pini za waya. Ziwekwe kwenye mikebe yenye vifuniko. Fundi wetu wa redio amekuwa akifungua mausi nzee anachomelea nyaya mbili kwenye kitufe cha kushoto, mwisho wake tundu la pini ya swichi, na inatosha badala ya kile kiboksi ghali. Mungu amzidishie.

Kuna ofisi moja tulienda kuomba msaada tukaambiwa watoto hawa hawasomi, kompyuta za nini. Ilituuma sana. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake, na haikusema mpaka ajue kusoma kwanza. Tutarudi, na safari hii tutabeba video za watoto wenyewe, kwa idhini ya wazazi.

Pendekezo langu basi: mwaka ujao tusinunue tableti mpya. Pesa ziende kwa viti vinavyomkalisha mtoto sawa, vishikizo vya kufungia swichi karibu na mtoto, na posho ya wasaidizi wa darasa ili mwalimu apate nafasi ya kukaa na mtoto mmoja akamngoja. Najua kuna wanaotaka tableti, njooni mkutanoni tujadiliane kwa roho safi. Na kila mzazi aje na sauti moja ya nyumbani kwenye simu, pamoja na mausi mbovu kama anayo, fundi atakuwepo.