Nasaba ianzie kwa bibi zetu

Mheshimiwa Mhariri,

Siku hizi karibu kila ukoo una kundi lake la WhatsApp, na haipiti muda bila ya mtu kurusha humo nasaba ya watu wake: fulani bin fulani bin fulani, majina kumi na mawili yameshukiana kama ngazi. Inapendeza kuona vijana wanauliza walikotoka. Lakini nyingi ya nasaba hizo hazina mwanamke hata mmoja. Wote kumi na wawili walizaliwa na mama, na mama hao hawatajwi. Tena haiandikwi jina lipi limepatikana kwa nani, kwa hivyo likibishaniwa hakuna pa kurejea. Naomba nafasi niwaeleze wanaotaka kuanza kazi hii waianze vipi. Gharama yake ni ndogo. Inachotaka ni utaratibu na subira.

Chukua daftari kubwa, ujipe namba 1. Baba yako ni 2, mama yako 3. Babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Kanuni ni nyepesi: namba ya mtu mara mbili ni baba yake, na ukiongeza moja ni mama yake. Ukifika vizazi vitano utakuwa na nafasi 31, na ukijitoa wewe mwenyewe, 15 ni za wanaume na 15 za wanawake. Hapo pengo halijifichi, kwa sababu ukimwacha bibi namba 5, wazazi wake 10 na 11 nao hawapatikani. Wazazi wako wakiwa watoto wa ndugu, kama ilivyo kwa wengi huku visiwani Zanzibar, basi katika namba 8 hadi 15 hutapata watu wanane bali sita, maana wawili wao watashika namba mbili mbili. Usidhani umekosea. Mwandike mtu mara moja na umpe namba zake zote.

Kila mtu apate ukurasa wake: jina, laqabu, kiambo alichozaliwa, kila aliyemuoa au aliyeolewa naye, watoto wote hata waliokufa wachanga, na alikozikwa. Pembeni andika nani kakwambia na siku gani.

Anza kwa wazee wa kike. Wao ndio waliokuwa wakienda kwenye uzazi, arusi na misiba, na ndio wanaojua mtoto yupi ni wa mke yupi. Usimuulize bibi, "Ulizaliwa mwaka gani?" Atakupa mwaka wa kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi ulikisiwa na karani. Muulize alikuwa mkubwa wa nani na mdogo wa nani, alikuwa kashavunja ungo Sultani Sayyid Khalifa alipofariki (Oktoba 1960), alikuwa na mtoto wa ngapi siku ya Mapinduzi (Januari 1964), ilikuwa masika au vuli, karafuu zinachumwa au bado. Majibu matatu ya namna hiyo yanaweza kukupa mwaka wa kuzaliwa kwa tofauti ya miaka miwili au mitatu. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu, usizidishe saa moja, na urudi siku nyengine. Usiku atakuwa keshakumbuka mengi.

Angalia maneno ya udugu, maana hapo ndipo daftari nyingi zinapoharibika. "Babu" anaweza kuwa baba wa baba au nduguye babu. "Mama" anaweza kuwa mama mdogo, mama wa kambo au aliyemlea. "Ndugu yangu" anaweza kuwa binamu au ndugu wa kunyonya. Kila mara uliza: ni wa tumbo moja? Baba mmoja? Ni wa kuumeni au kuukeni?

Tarehe nazo zina mitego yake. Wazee wetu waliandika kwa hijria, na mwaka wa hijria una siku 354 au 355. Ukitaka makisio, zidisha mwaka kwa 97, gawa kwa 100, kisha ongeza 622. Mwaka 1318 unakupa 1900, na kweli ulianza Mei 1900. Lakini uliingia pia 1901, kwa hivyo andika 1900/1901 mpaka upate mwezi. Aliyehesabu miaka 90 ya hijria ana kama 87 ya miladi. Na mtoto aliyezaliwa "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya wazee alizaliwa Alhamisi baada ya magharibi.

Baada ya wazee ndipo uombe kufunguliwa bweta la nyumba. Humo mna hati za ndoa na talaka, vyeti vya skuli, pasi za safari, barua kutoka Mombasa au Maskati. Fungua kurasa za mwanzo na za mwisho za misahafu na vitabu vya chuo cha Kurani, kwani hapo baba wengi waliandika siku za kuzaliwa watoto. Lakini karatasi iliyo bora kuliko zote ni ya mirathi, na ajabu yake ni kwamba watu huihifadhi kwa ajili ya shamba wasijue kuwa ni nasaba tosha.

Mirathi haiwezi kumficha mwanamke. Sharia imempa fungu lake, kwa hivyo kadhi lazima amtaje mke, mama, mabinti, na mara nyengine madada. Soma mafungu kama unavyosoma majina. Mke akiandikiwa thumni, yaani sehemu moja ya nane, marehemu aliacha dhuria (watoto au wajukuu); akiandikiwa robo, hakuacha. Wake wawili wakigawana thumni moja, alikufa na wake wawili, na itakubidi utafute mtoto yupi ni wa nani. Mama akipata sudusi, yaani sehemu moja ya sita, alikuwa hai siku mwanawe alipofariki, na hiyo peke yake ni tarehe ya maana. Angalia tu kwamba mtoto aliyekufa kabla ya baba yake hamo, wala mke aliyeachwa zamani hamo. Orodha ile ni ya waliokuwa hai siku ile, si ya wote aliowazaa.

Hati za zamani za mashamba hutaja mipaka minne kwa majina ya majirani: kaskazini shamba la fulani, kusini la fulani. Waandike wote. Mashamba yaligawika kwa mirathi, kwa hivyo jirani wa mpaka mara nyingi ni shangazi au ami. Ila baada ya 1964 uzi huo hukatika. Ardhi ilitaifishwa, watu wakapewa eka tatu tatu, na anayelima leo si lazima awe na udugu na aliyekuwa akilima jana. Hati za wakf wa dhuria, yaani mali iliyofungwa kwa manufaa ya kizazi cha mwenyewe, nazo ni hazina, kwani mweka wakf hutaja watoto na vizazi vitakavyofuata, na baadhi yao waliwataja hata watumwa waliowaacha huru. Muulize mzee wenu kama kuna wakf wenu katika Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Wenye asili ya Mbweni au Mkunazini, kulikokuwa na misheni ya Kikristo, waulize daftari za ubatizo, wakikumbuka kwamba jina la ubatizo silo alilozaliwa nalo mtu.

Nyaraka za Kilimani, yaani za Nyaraka za Taifa kule Unguja, ziende mwisho, ukiwa tayari una jina, mahali na miaka. Uliza utaratibu na ada kabla ya kupanda boti, hasa sisi wa Pemba. Tafuta jina kwa maandishi yote: Khamis, Hamisi, Seif, Sefu, Saif. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia. Katika hati za herufi za Kiarabu, Saad na Said zinatofautiana kwa herufi moja tu, na Amr ni Omar aliyeongezwa herufi ya wau. Kwa kuwa herufi hizo hazina p, waandishi wetu mara nyingi walitumia ba. Asiyejua ataisoma Pemba "Bemba".

Kosa kubwa kuliko yote ni kuunganisha watu wawili. Sisi humpa mjukuu jina la babu, ukapata Juma Khamis Juma Khamis, na msimulizi akiruka wawili hakuna anayestuka. Pima kwa miaka: kizazi kimoja hukaribia miaka 25 hadi 30. Majina manne hayawezi kukufikisha kwa Sultani Sayyid Said aliyefariki 1856, sembuse kwa wazee wa Shirazi, mji wa Uajemi. Andika ulipofika, acha nafasi wazi. Nafasi wazi haimdhalilishi mtu, lakini jina la kubuni litanakiliwa na wajukuu na halitatoka tena.

Katika kutafuta, wengi watakutana na utumwa, ama mzee aliyemilikiwa ama aliyemiliki. Utumwa ulifutwa kisheria hapa Zanzibar 1897, na masuria walibaki nje ya sheria hiyo mpaka 1909, kwa hivyo jambo hili liko karibu kuliko tunavyodhani. Aliyeachwa huru pengine alichukua kabila la bwana wake. Liandike daftarini kama ulivyolipata, wala usilitangaze bila ya ridhaa ya wanaohusika. Hali kadhalika siku za kuzaliwa za walio hai, na watoto waliozaliwa nje ya ndoa: hayo si ya kurushwa kwenye makundi.

Karatasi zenyewe usizitie plastiki ya moto wala sellotape, maana gundi huzila. Zipige picha mchana kivulini, nyuma na mbele. Nyuma ya picha za watu andika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Nakala moja iweke kwa ndugu aliye nyumba nyengine.

Na Shaabani ikifika, watu wanapokusanyika kwa khitma za kuwarehemu wazee, yupo mtu katika kila ukoo anayeshika karatasi ya majina ya marehemu yatakayosomwa. Mngoje amalize dua, umuombe uipige picha. Humo bibi zetu wametajwa kwa majina yao na ya baba zao.

Mpenzi wa nasaba,
Chake Chake, Pemba