Gunia Lililoota Kichwa: Barua kwa Vijana Wanunuzi wa Mazao wa Moshi

Marahaba, wanangu. Najua tungekutana njiani shikamoo yenu ingetangulia, kwa hiyo nimeitikia mapema ili tuingie kwenye jambo.

Jambo lenyewe ni gunia.

Msimu uliopita nilimsindikiza mkamwana wangu Kiboriloni kuuza mahindi ya shamba la chini. Nyumbani tulikuwa tumepima debe sita kila gunia, tukashona. Sokoni akatupokea kijana mwenye adabu zake, akanishika mkono nikashuka garini, akaniita babu. Kisha akakata uzi, akasuka kamba mdomoni mwa gunia ili lipokee zaidi, akaagiza debe la saba. Halafu nusu debe juu yake. Gunia likaota kichwa. "Babu, hili ndilo gunia la soko," akaniambia, bila ukali wala aibu. Mkamwana wangu hakubisha hata neno. Amezoea. Huko kuzoea kwake ndiko kulikoninyima usingizi, na ndiyo maana leo nawaandikia ninyi mnaonunua Kiboriloni, Mbuyuni, Mwika na Kwa Sadala, mnaopanda mlimani alfajiri kufuata mikungu na mnaopokea Fuso za viazi kutoka Ngarenairobi.

Mimi nimeishi na mizani. Kuanzia mwaka 1971 hadi nilipostaafu nilikuwa karani wa kupimia kahawa katika chama cha msingi cha ushirika, huku Old Moshi. Kazi yangu ilikuwa kutundika gunia, kungoja sindano itulie, kusoma namba kwa sauti, kisha kuiandika mara mbili: kwenye daftari la chama na kwenye kitabu cha mkulima.

Kabla sijamshauri mtu lazima niseme la kwangu. Miaka ile ya mwanzo tuliokuwa wageni kazini tulifundishwa kuangusha nusu kilo. Sindano ikisimama kati ya 43 na 44, unaandika 43. Haikuandikwa popote, tuliambiwa ni uzito wa gunia, ni unyevu, chama kisipate hasara. Nikafanya hivyo misimu miwili. Mwisho wa msimu wa pili akaja mama mmoja mjane, asiyejua kusoma, akafungua fundo la khanga yake mbele yangu, akamwaga punje za maharage mezani. Zilikuwa kumi na tisa. Alikuwa amejifunza kuitazama sindano kwa macho tu, na kila nilipomwangushia nusu kilo aliweka punje moja. "Karani," akasema, "hizi ni zangu." Akaziacha pale, akaondoka. Tangu siku hiyo nusu kilo niliiandika nusu kilo. Zile za nyuma sikuwahi kumrudishia, na yeye alishazikwa siku nyingi.

Kwa hiyo nikiona gunia lenye kichwa sishangai mtu anavyoweza kulifanya akiwa na moyo mzuri. Nakujua kufundishwa.

Mlima huu ulipigania mizani kabla hata sijazaliwa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa, Mzee Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Nayajua mabaya ya ushirika, nimeyala: vyama vikuu kufutwa mwaka 1976, malipo kuchelewa, madeni, wazee kufa wakisubiri malipo ya pili. Lakini jambo moja lilibaki. Hadi leo kahawa ya Kilimanjaro hainunuliwi kwa jicho. Inapimwa kijijini, inapimwa kiwandani, inaonjwa, inapangwa madaraja, inakwenda mnadani. Kahawa, ambayo nyumba nyingi huku juu hata haziinywi, ina mizani. Ndizi, mahindi, viazi na nyanya, ambavyo watoto wetu wanavila kila siku, vinapimwa kwa kutupia jicho na kwa mdomo wa anayenunua.

Sheria haijalala. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele kuhusu lumbesa, yaani hilo gunia lenye kichwa, miaka nenda rudi. Mnaijua. Mnajua pia kwa nini haifuatwi, nami nimekaa nanyi kwenye benchi za chai nikawasikiliza. Ushuru getini unahesabiwa kwa gunia. Nauli ya gari ni kwa gunia. Mbebaji analipwa kwa gunia. Anayeshindilia kilo 130 ndani ya gunia moja analipia gharama za mia, na thelathini zinasafiri bure. Ndivyo mnavyosema. Lakini mkulima mwenye magunia kumi ya namna hiyo ametoa kilo 300, magunia matatu kamili ya halali, bila kupokea hata shilingi. Nauli ya zile thelathini ameilipa yeye. Nyingine ameilipa kijana mwenzenu anayelibeba mgongoni kutoka garini hadi kibandani, ambaye akifika miaka arobaini hawezi kuinama kufunga kiatu.

Wala msiniambie ziada hiyo inamfikia mlaji. Nendeni Mbuyuni jioni mkamtazame mama anayenunua maharage ya watoto. Anapimiwa kwa kisado, na kisado chenyewe kimegongwa kitako kikaingia ndani. Shambani gunia limeota kichwa, mjini kisado kimebonyea kitako. Aliyelima amepunjwa na atakayekula amepunjwa, na mara nyingi hao wawili ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kabaki mlimani, mwingine kaolewa Majengo au Pasua.

Ndizi nizisemee peke yake, maana hapo ndipo ninapoumia zaidi. Kwa mila yetu kahawa ilikuwa ya baba. Fedha yake ilijenga nyumba ya bati, ililipa ada, na kwa baadhi yetu iliishia kilabuni. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Fedha ya ndizi za mchare ndiyo iliyonunua mafuta ya kupikia, chumvi, dagaa, maharage ya kuchanganya kwenye kiburu, kipande cha nyama cha kutia kwenye mtori wa mzazi. Hata sasa iko hivyo kwenye nyumba nyingi. Ukimpunja mama kwenye mkungu hujaigusa fedha ya starehe ya mtu yeyote. Umeondoa dagaa kwenye sahani ya mtoto wa miaka mitatu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtu akitazama kijani cha mlima wetu anadhani hayo ni ya kwingine. Lakini mtoto anaweza kushiba ndizi asubuhi hadi jioni na bado asikue, kama hana wa kumwekea kitu cha pembeni.

Nanyi mnajua mnavyonunua. Mkungu unageuzwa mara mbili, unaambiwa mdogo, unawekwa chini. Mnaondoka. Mnarudi saa kumi jioni mawingu yakiwa yameshuka, mama amechoka, hawezi kuurudisha kichwani hadi juu, anaachia kwa bei yoyote. Nimeuona mchezo huo tangu nikiwa mtoto. Malipo yake mnayapata wenyewe: mama aliyeachia mkungu uliokomaa kwa bei ya mkungu mchanga, safari ijayo anakata ambao haujakomaa. Kisha mnalalamika mjini kwamba ndizi za siku hizi hazina ladha.

Nyanya ni hivyo hivyo, ila kwenye nyanya kuna sumu. Kantangaze, mdudu anayetoboa nyanya, alipoonekana nchini mwaka 2014, upande wa Arumeru, wakulima wengi walipoteza mashamba mazima, na hofu ile haijawatoka. Lakini hofu ya mdudu ni nusu tu. Nusu nyingine ni ninyi. Mnaikataa nyanya yenye doa, mnaitaka ngumu, inayong'aa, na mnakuja bila taarifa. Mkulima akisikia gari linakuja Jumamosi anapiga dawa Ijumaa, kwa sababu kuoza kwa tenga moja ni hasara yake peke yake. Kila chupa ya dawa iliyosajiliwa imeandikwa siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Zimeandikwa kwa sababu. Nyanya yenye unga mweupe kwenye kikonyo mnaipeleka sokoni, mama ntilie anaisuuza kwa maji ya ndoo moja, anaikatia kachumbari. Ninyi wenyewe mnakula pale saa saba mchana.

Hamwombwi mambo makubwa hapa. Ulizeni tu: umepiga lini? Andikeni. Mkulima ambaye hajamaliza siku zake, mwambieni mtarudi Jumanne, na Jumanne mrudi kweli. Na mnafu, mchicha na ngogwe zinazoota pembeni ya migomba, ambazo hazihitaji nusu ya dawa hizo, zinunueni kwa bei ya heshima. Huko Arusha tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho wataalamu wake wanahifadhi mbegu za mboga hizi na kuziboresha. Sisi tunaziita mboga za shida.

Najua kuna atakayesema mzee anaomboleza kihamba, shamba letu la jadi la kuzunguka nyumba. Ndiyo, nakiombolezea. Miti ya mruka na mringaringa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi chini kabisa, ng'ombe zizini akila majani ya migomba na kuirudishia samadi, maji ya mfongo, mfereji wetu wa jadi, yakipita kwa zamu. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliutambua mfumo huu, kwa kihamba cha Shimbwe Juu kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Tulifurahi. Lakini cheti hakinunui ndizi. Vijana wa nyumba hizi hawauzi kihamba kwa kukosa mapenzi nacho. Wamekaa wakapiga hesabu. Mikungu ya mwaka mzima kwa bei ya jicho, ukiilinganisha na bei ya kiwanja, hata mimi ningejiuliza. Siku kihamba kikigeuka matofali na geti, ninyi mtanunua wapi? (Na akina baba wenzangu mnaosoma: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Binti anayelima apewe anacholima.)

Sasa ushauri wangu, na nimeupima kabla ya kuutoa.

Nunueni mizani. Mtu mmoja hawezi, lakini kumi mnaweza, kwa fedha ambayo kikundi chenu kinachanga kwa ajili ya harusi moja. Ya kutundika inatosha kwa ndizi na magunia madogo. Ya jukwaa mtaifikia baadaye. Ipelekeni kwa Wakala wa Vipimo ikaguliwe na kubandikwa stika, na irudishwe kila mwaka, maana mizani inachoka kama mtu. Tangazeni bei ya kilo asubuhi, muiandike kwa chaki mahali ambapo hata mama aliye mwisho wa foleni anaiona. Someni namba kwa sauti. Andikeni karatasi mbili. Hilo la sauti msilidharau. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, na namba iliyotamkwa mbele za watu ni vigumu kuipunguza baadaye.

Gunia liwe la kilo 100, au hamsini kabisa ili mgongo wa mbebaji upone. Mtaniambia gharama zitapanda, na kweli zitapanda. Basi nendeni kwa madiwani na halmashauri kama kikundi mkaombe ushuru uhesabiwe kwa kilo, na mkae na wenye magari nauli iwe kwa kilo. Nitakuja nanyi, miguu hainisaidii sana lakini sauti bado ipo. Mkiwa kumi mnaopakia gari moja, mwenye gari atawasikiliza. Mmoja mmoja atawaambia mtafute gari lingine.

Kutakuwa na wenzenu watakaoendelea na lumbesa na kwa muda watawapita kwa faida. Sitawaficha. Msimu wa kwanza utakuwa mgumu, huenda na wa pili. Lakini mkulima ana kumbukumbu ndefu kuliko mnavyomdhania. Yule mjane alinihesabia misimu miwili bila kalamu. Akijua mahali nusu kilo yake inaandikwa, atapita vibanda vitano vya njiani akiwa na mzigo kichwani ili afike kwenu, na atawaletea iliyokomaa.

Mizani yangu ya zamani ipo, nilipewa nilipostaafu chama kilipoleta mpya. Nimeisafisha kutu, nimeitia mafuta, na wiki ijayo naipeleka ikakaguliwe. Ikipita, siku ya soko inayofuata nitaitundika Kiboriloni, kwenye mti ulio karibu na wanaposhushia ndizi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na yeyote kati yenu atakayetaka kuitumia ataitumia bure. Nitafunga jani la isale kwenye kulabu yake. Nyie mliokulia mijini muulizeni bibi yeyote pale sokoni mtu anapeleka isale kwa nani, na kwa ajili gani. Nina punje kumi na tisa za kuombea radhi.

Babu yenu,
karani mstaafu, Old Moshi