Puli za matrekta ya bustani zipigiwe hesabu, zisikadiriwe kwa macho

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwasihi mafundi wa Kariobangi, Gikomba na Kamukunji hapa Nairobi, pamoja na wateja wao, waache kuchagua kwa kukadiria puli za vifaa vya matrekta ya bustani, yaani magurudumu yenye mfereji wa kupitisha mkanda. Mwenye trekta dogo hataki likate nyasi tu. Hutaka pia liendeshe pampu ya maji na mashine ya kukatakata malisho, na kila kifaa kina kasi yake. Hata hivyo, puli ikiharibika hununuliwa yoyote inayopatikana Barabara ya Kirinyaga, mradi tundu lake liingie kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka.

Hesabu inayohitajika ni ya shule ya msingi. Kipenyo cha puli ya injini kikizidishwa kwa kasi ya injini hulingana na kipenyo cha puli ya kifaa kikizidishwa kwa kasi ya kifaa. Tuchukue injini ya petroli inayozunguka mara 3,600 kwa dakika, ikiwa na puli ya milimita 100, na shafti ya kisu inayotakiwa kuzunguka mara 3,000. Zidisha 3,600 kwa 100, ugawanye kwa 3,000, nawe utapata puli ya milimita 120. Fundi akiikosa hiyo na kufunga ya milimita 80, shafti itazunguka mara 4,500. Ncha ya kisu chenye urefu wa sentimita 50, ambayo ingekwenda takriban mita 79 kwa sekunde, sasa itakwenda karibu mita 118, ilhali kiwango cha usalama cha Marekani kwa mashine za kukata nyasi huiwekea ncha hiyo kikomo cha futi 19,000 kwa dakika, yaani kama mita 96 kwa sekunde. Tena nguvu inayokivuta kisu kitoke kwenye boliti hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo kasi iliyoongezeka kwa nusu tu huifanya nguvu hiyo iwe mara mbili na robo ya ilivyokuwa. Kipande cha chuma kikichomoka kwa mwendo huo hakimbagui mwendeshaji na mtoto anayepita.

Kosa jingine ninaloliona mno ni kubadilisha puli ya kukazia mkanda kwa matumaini kwamba kasi itapungua. Puli hiyo, iwe kubwa au ndogo, haigusi kasi ya kifaa hata kidogo. Kazi yake ni kuukaza mkanda tu. Ni tofauti na shafti ya katikati yenye puli mbili za vipenyo tofauti, ambayo hesabu yake hufanywa mara mbili, hatua kwa hatua.

Kipenyo nacho kipimwe pale mkanda unapokaa ndani ya mfereji, si ukingoni mwa puli, kwa sababu milimita chache zinazopotea hapo hupotosha sana hesabu ya puli ndogo. Na anayeondoa injini ili aweke mota ya umeme akumbuke kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, nayo ndiyo huamua kasi ya mota: mota ambayo Marekani, kwenye hezi 60, huzunguka kama mara 1,750 kwa dakika, hapa huzunguka takriban mara 1,450, hivyo vipimo vya puli vilivyomo katika vitabu vya huko havifai kunakiliwa vilivyo.

Ninaziomba karakana ziandike kwa rangi, juu ya kinga ya mkanda, kasi ya juu kabisa ya shafti na vipenyo vya puli zote mbili, na kinga hiyo irudishwe mahali pake kila baada ya matengenezo. Baada ya kubadilisha puli, kasi ya shafti ipimwe kwa takometa, yaani kipima kasi ya mzunguko, kabla kisu hakijafungwa, na mteja aonyeshwe matokeo kabla ya kulipa.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Kariobangi,
Nairobi